WALIOTANGAZWA KUFA
Habari ya ndege mbili zilizoanguka ng'ambo ya ziwa letu katika mwaka wa 1954



Kitabu cha yubile huandikwa ili watu wasisahau. Kurasa nyingine za kitabu hiki zinataja wamisionari wa kwanza, makatekista waliotembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji, matofali yaliyochomwa kwa kujenga kanisa, na hesabu ya wabatizwa. Mimi nimepewa kazi ya kuandika juu ya jambo moja la historia lililotokea ng'ambo ya ziwa, ambalo sisi twaweza kuliita jambo la majirani, lakini dunia nzima ililisikia. Ni habari ya watu watatu walioanguka na ndege mara mbili katika muda wa siku mbili, wakatangazwa kufa, kumbe walikuwa hai.

Wenye kuijua habari hiyo hupenda kusimulia nusu yake ya kwanza tu, nusu ya kuchekesha: mtu aliyeketi kitandani akisoma katika magazeti habari za kifo chake mwenyewe. Nusu ya pili haisemwi sana, nayo ndiyo inayotufaa zaidi. Inatufundisha kwamba mtu aweza kutoka katika ajali akiwa mzima machoni pa watu, akapigiwa makofi, akapewa sifa, na huku ajali yenyewe ikiendelea ndani ya mwili wake miaka na miaka.

I. Ziwa na njia zake

Ziwa letu limepewa majina mengi. Wanyoro wa ng'ambo waliliita Mwitanzige. Mwaka wa 1864 Mwingereza Samuel Baker alilifikia, akalipa jina la Albert, mume wa malkia wake. Mwaka wa 1973 serikali ya Zaire ikaliita Ziwa Mobutu Sese Seko. Baadaye jina la Albert likarudi. Urefu wake ni kilometa 160 hivi, na upana wake kilometa 30 hivi. Katika pembe ya kaskazini Mto Nili unaotoka Ziwa Victoria unaingia ndani yake, na karibu na hapo unatoka tena kwenda Sudan na Misri.

Kabla ya kufika ziwani, mto huo wote hupenya katika ufa wa mwamba wenye upana wa metro 7 hivi tu, kisha huanguka chini kwa kishindo, metro 43 hivi. Baker aliyaita maporomoko hayo Murchison. Katika siku za Idi Amin yaliitwa Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Hapo ndipo penye mwanzo wa habari yetu.

Wakati wa ukoloni maji ya ziwa yalikuwa njia zaidi ya kuwa mpaka. Meli Robert Coryndon, iliyotengenezwa mwaka wa 1930, ilibeba watu na mizigo kutoka Butiaba, bandari ya Uganda, hata bandari za upande wetu, Kasenyi na Mahagi. Katika miaka ile ya 1930 ndege za Waingereza zenye kutua juu ya maji zilipita Butiaba vilevile, zikienda kusini. Mwaka wa 1951 watu wa sinema walifika huko kupiga picha za filamu The African Queen, baada ya kufanya kazi kwetu Kongo, kando ya mto Ruiki, karibu na Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji ya ziwa yalipanda mno, bandari ya Butiaba ikaharibika, na mwaka wa 1964 meli ile ikazama. Lakini katika Januari 1954 Butiaba ilikuwa ingali mahali penye shughuli, nacho kiwanja kidogo cha ndege kilikuwako.

II. Zawadi ya Noeli

Ernest Hemingway alikuwa mwandishi wa Marekani, mwenye umri wa miaka 54. Kitabu chake juu ya mvuvi mzee wa Kuba na samaki mkubwa kilikuwa kimetoka mwaka wa 1952, nacho kilisomwa kila mahali. Alikuwa amefika Mombasa katika mwaka wa 1953 pamoja na bibi yake, Mary Welsh, kwa safari ndefu ya kuwinda katika nchi ya Kenya. Safari ilipokaribia mwisho, alimpa bibi yake zawadi ya Noeli: kuonyeshwa Kongo ya Wabeleji kutoka angani.

Walikodi ndege ndogo aina ya Cessna 180, yenye injini moja, na rubani wake, Roy Marsh. Tarehe 21 Januari 1954 waliondoka Nairobi. Walitia petroli Mwanza, wakaendelea hata Bukavu, mji ambao Wabeleji waliuita Costermansville, wakalala huko. Kesho yake waliruka juu ya Ziwa Kivu na kuelekea kaskazini, kisha wakaingia Uganda na kulala Entebbe. Tarehe 23 Januari, siku ya Jumamosi, walikwenda kuyatazama maporomoko ya Murchison.

Watu wetu huita ndege za namna hiyo ndeke, kwa jina lile lile la ndege wa porini, na jina hilo lina akili ndani yake. Ndege ndogo haisafiri juu ya mawingu kama zile kubwa. Inafuata mito na vilima, inashuka chini ili abiria aone tembo na viboko, inakwenda kama ndege wa mbawa anayetafuta chakula. Hapo ndipo penye uzuri wake, na hapo ndipo penye hatari yake. Aliye juu sana akipatwa na shida ana nafasi ya kufikiri na kuchagua mahali pa kutua. Aliye karibu na miti hana nafasi hiyo.

III. Jumamosi: waya ambao haukuonekana

Marsh aliyazunguka maporomoko mara kadhaa ili Bibi Mary apige picha. Ghafula kundi la ndege wa mbawa likatokea mbele yao. Rubani akashusha ndege ili kuwakwepa, na hapo ikagonga waya wa zamani wa telegrafu uliovuka bonde la mto, waya uliokuwa hautumiki tena. Mtu aliye angani huweza kuona nguzo; waya wenyewe haonekani mpaka umekwisha kugusa bawa au mkia. Usukani wa nyuma ukaharibika. Marsh, kwa ustadi ambao yafaa kuusifu, aliitoa ndege juu ya mto, akaitupa katika vichaka, kilometa chache tu kutoka maporomoko.

Wote watatu walitoka kwa miguu yao. Mary alikuwa amevunjika mbavu mbili, naye alipigwa na bumbuazi. Hemingway aliumia bega na mgongo. Marsh aliita msaada kwa redio asipate jibu. Kando ya mto kulikuwa na mamba, basi wakapanda juu ya kilima, wakawasha moto, wakalala huko nyikani, tembo wakitembea karibu nao usiku. Chakula na maji vilikuwa haba.

Siku ya Jumapili, tarehe 24, waliona mashua kubwa ikipanda mto. Ilikuwa imekodiwa na mganga mmoja mpasuaji wa Kampala, aliyekuja kutembea na jamaa yake. Walipungia nguo, wakaonekana, wakachukuliwa. Kama mganga huyo asingalichagua siku ile kwa kutembea, wangalikaa kilimani siku nyingine, bibi akiwa na mbavu zilizovunjika. Jioni walifika Butiaba, mbele ya macho ya wavuvi na watu wa bandari. Kwa maoni ya wote ajali ilikuwa imekwisha.

IV. Jumapili: moto wa Butiaba

Ndiyo kwanza ilikuwa ikianza. Bandarini walikuta rubani mwingine aliyekuwa akiwatafuta, mwenye ndege ya injini mbili aina ya de Havilland Rapide. Akajitolea kuwapeleka Entebbe usiku ule ule. Jua lilikuwa likitua. Kiwanja kilikuwa na mashimo na vichuguu, hakikutunzwa vema. Wangaliweza kulala Butiaba na kuondoka asubuhi, lakini mtu aliyeokolewa hutaka sana kufika mbali na mahali pa hofu yake, na wale wanaomsaidia hutaka kumfikisha upesi. Haraka ya namna hiyo yatoka katika moyo mwema, na mara nyingi ndiyo inayoleta msiba wa pili.

Ndege ilikimbia ikirukaruka juu ya udongo, ikainuka kidogo, ikaanguka, ikashika moto. Marsh alivunja dirisha kwa miguu, akapita, na Mary akapita nyuma yake. Hemingway alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na dirisha lilikuwa dogo. Mlango ulikuwa umekwama kwa sababu chuma kilipinda. Bega lake lilikuwa limeumia jana yake, hakuweza kusukuma kwa mikono. Basi akaupiga mlango kwa kichwa, tena na tena, mpaka ukafunguka, akatoka katika moshi. Rubani naye akaokoka. Hati za safari, fedha, filamu za picha, miwani, vyote vikateketea.

Watu wanne walitoka katika ule moto, wote wakiwa hai. Walipakiwa katika motokari, wakapelekwa Masindi kwa barabara yenye kupanda ukingo wa bonde, wakalala katika hoteli. Asubuhi mto wa Hemingway ulikuwa umelowa maji yaliyotoka kichwani mwake. Maji hayo hayakuwa jasho. Fupa la kichwa lilikuwa limepasuka, na yale maji yanayouzunguka ubongo wa kila mtu yalikuwa yakivuja.

V. Magazeti yaliyokimbia

Huku nyuma habari ilikuwa imekwisha ruka kupita ndege yo yote. Ndege kubwa ya abiria ya Waingereza ilikuwa imepita juu ya Murchison na kuona Cessna ile imevunjika vichakani, pasipo mtu karibu nayo. Rubani aliyatangaza aliyoyaona, wala hakusema uwongo. Lakini wenye magazeti waliongeza neno ambalo hakuna aliyeliona: kwamba waliokuwamo wamekufa. Katika Ulaya na Marekani zikachapwa kurasa za kuomboleza. Wengine walimsifu marehemu. Wengine walieleza makosa yake. Wengine waliandika kwamba alikuwa ameitafuta mauti siku zote. Mwanaye Patrick, aliyekuwa akiishi Tanganyika, alipanda ndege upesi kwenda Entebbe, akamkuta baba yake yu hai.

Hemingway alizisoma habari hizo za kifo chake kwa furaha kubwa, akaziweka katika kitabu cha kumbukumbu, akawa akizisoma mara kwa mara. Tena alisimulia ajali zote mbili kwa mzaha. Akiwa mgonjwa kitandani katika hoteli ya Nairobi, alimtamkia karani masimulizi marefu, yaliyochapwa na gazeti Look la Marekani katika Aprili na Mei 1954 kwa jina la The Christmas Gift, maana yake Zawadi ya Noeli. Wasomaji walicheka, wakatosheka. Yule mtu alikuwa hai, tena mwenye kufanya mzaha: wangewezaje kumhurumia?

Twaona hapo makosa mawili yanayofanana. Kosa la kwanza ni kumzika mtu kabla ya kumtafuta mwili wake. Kosa la pili ni kumtangaza mzima kabla ya mganga kumpima. La kwanza lilijulikana mara moja, likachekwa. La pili lilikawia kujulikana, na halikuchekesha mtu.

VI. Yaliyokuwa ndani ya mwili

Siku zile Hemingway alikuwa akisimama na kusema, akapokea waandishi wa magazeti. Baada ya siku chache alipanda tena ndege ndogo, rubani akiwa Roy Marsh yule yule, akarudi Nairobi. Kitendo hicho chatuonyesha heshima aliyokuwa nayo kwa kijana aliyewaokoa kwenye maporomoko. Hakumlaumu hata kidogo.

Lakini waganga walipompima vema, kwanza Nairobi, kisha Ulaya, waliona mengi: fupa la kichwa lililopasuka, mifupa ya uti wa mgongo iliyoumia, ini, wengu na figo zilizopasuka kwa ndani, bega lililotoka mahali pake, macho na masikio ya upande wa kushoto yaliyopoteza nguvu kwa muda, tena majeraha ya moto usoni, kichwani na mikononi. Hayo yote yalichukuliwa na mtu aliyekuwa akitembea na kucheka.

Hakupumzika inavyopasa. Katika Februari alikwenda Shimoni, kwenye pwani ya Kenya, ambako bibi yake na rafiki zao walikuwa wakivua samaki. Moto wa nyika ukazuka karibu na kambi. Alitaka kusaidia kuuzima, lakini miguu yake haikuwa na nguvu, akaanguka ndani ya moto, akaungua miguu, tumbo, midomo na mikono. Katika mwezi wa tatu walipanda meli Mombasa kwenda Venice, katika nchi ya Italia.

Tarehe 28 Oktoba 1954 ilitangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, ambayo ni heshima kuu kupita zote kwa mwandishi. Alikuwa nyumbani kwake, karibu na Havana katika Kuba. Hakuweza kwenda Stockholm kuipokea kwa sababu ya afya yake. Tarehe 10 Desemba hotuba yake fupi ilisomwa na balozi wa Marekani katika nchi ya Swedeni, John Cabot. Wasomaji wengi wa magazeti waliona ajabu kwamba mtu aliyeishinda mauti mara mbili ashindwe kusafiri. Mwili wake ulijua sababu.

VII. Medali ya El Cobre

Hapa yafaa nitaje jambo ambalo wakristu wa Kuba hawalisahau. Hemingway alikuwa Mkatoliki, ingawa hakuna awezaye kumweka kuwa kielelezo. Kijana wa miaka 18, alijeruhiwa vitani Italia tarehe 8 Julai 1918, na mwenyewe alisimulia kwamba padri wa jeshi alimpaka mafuta matakatifu. Mwaka wa 1927 alifunga ndoa ya Kanisa katika Paris. Baadaye aliivunja ndoa hiyo, na kwa jumla alioa mara nne. Alikunywa pombe kupita kiasi. Tusimpambe.

Lakini alipopata medali ya dhahabu ya Nobel hakuitundika ukutani mwake. Aliwatolea watu wa Kuba, nayo ikawekwa katika kanisa la hija la Bikira Maria wa El Cobre, karibu na Santiago de Cuba. Bikira huyo ndiye msimamizi wa nchi ile, tangu Papa Benedikto XV alipokubali hivyo katika mwaka wa 1916. Katika kitabu chake yule mvuvi mzee, akishindana na samaki baharini, aliweka nadhiri ya kwenda kuhiji El Cobre akimpata. Mvuvi wa kitabuni alirudi na mifupa ya samaki tu. Mwandishi aliyetoka katika moto wa Butiaba akapeleka kile alichokuwa nacho. Mwaka wa 1986 wezi waliiba medali hiyo, ikapatikana tena baada ya siku chache.

VIII. Mwisho wake

Miaka iliyofuata haikuwa ya amani. Maumivu ya mgongo na ya kichwa hayakumwacha, naye aliyatuliza kwa pombe. Aliandika kurasa nyingi juu ya safari ile ya Afrika asiweze kuzimaliza. Mwanaye Patrick alizifupisha na kuzitoa katika kitabu mwaka wa 1999. Mwishoni kuandika barua fupi tu kulimtesa. Aliona adui kila mahali, alihuzunika pasipo sababu iliyoonekana. Mwishoni mwa mwaka wa 1960, na tena katika mwaka wa 1961, alitibiwa kwa umeme katika hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, na kumbukumbu yake ikazidi kupotea. Tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, katika jimbo la Idaho, alijiua kwa bunduki. Zilikuwa zimebaki siku 19 tu atimize miaka 62.

Tusiseme kwamba ndege ya Butiaba peke yake ndiyo iliyomwua. Baba yake, aliyekuwa mganga, alijiua vilevile mwaka wa 1928, na huzuni ya namna hiyo hupita katika jamaa. Pombe ilitenda kazi yake. Tena kichwa chake kilikuwa kimekwisha kupigwa mara nyingi, katika vita na katika motokari. Lakini waganga wa siku hizi wanajua zaidi juu ya ubongo kuliko wale wa 1954. Mwaka wa 2017 mganga wa magonjwa ya akili Andrew Farah alitoa kitabu kizima juu ya ubongo wa Hemingway, akieleza kwamba mapigo hayo ya kichwa, yakiongezeka moja juu ya jingine, yaliuharibu polepole. Mlango alioupiga kwa kichwa ulimfungulia njia ya kuishi, nao ukamwachia jeraha lisiloonekana.

Bibi Mary alichukua sehemu yake ya mzigo. Mbavu zake zilipona. Lakini ni yeye aliyemwuguza mumewe miaka saba, na ni yeye aliyemkuta siku ile ya Julai. Kwanza aliwaambia watu kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Ilipita miaka kabla ya kuweza kusema kweli. Alizikusanya karatasi za mumewe, akazitoa ziwekwe katika maktaba ya Rais Kennedy, na mwaka wa 1976 akaandika kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka wa 1986. Watu hawahesabu wauguzi kati ya walioanguka na ndege, lakini huyu alianguka mara mbili, kisha akauguza.

Katika maziko ya Ketchum padri mmoja alisali kaburini. Waheshimiwa mapadri wanafahamu kwamba sheria ya Kanisa ya mwaka wa 1917 iliwanyima maziko ya Kanisa wale waliojiua kwa kusudi. Sheria mpya ya mwaka wa 1983 haitaji tena katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka wa 1992 yafundisha kwamba ugonjwa mzito wa akili au hofu kuu yaweza kupunguza hatia ya mtu, wala tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Mungu pekee ajua mtu alipofikia mwisho wa nguvu zake.

IX. Neno kwetu sisi

Kwa nini kuyaandika haya katika kitabu cha yubile? Kwa sababu katika parokia yetu wako wengi waliotoka katika moto wao wa Butiaba. Wako vijana walioanguka na pikipiki wakasimama, wakapangusa vumbi, wakaendelea na safari. Wako wavuvi waliopinduka na mitumbwi katika dhoruba. Wako waliopigwa vichwa wakati wa vita, na waliokimbia usiku wakiwa na watoto mgongoni. Tuliwaona wakirudi, tukamshukuru Mungu, tukapiga vigelegele, na ilikuwa haki. Lakini baada ya vigelegele wengi wao tuliwaacha peke yao.

Kwanza, tuwapeleke kwa mganga. Mtu aliyepigwa kichwa, akatapika, akasinzia pasipo saa ya usingizi, akasema maneno yasiyopatana, au akatokwa na maji meupe puani au sikioni, asiachwe alale nyumbani mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata akisema kwamba hana neno, hata akicheka. Hemingway alicheka vilevile.

Pili, tusichoke upesi. Yule aliyekuwa mpole akawa mkali baada ya ajali, yule aliyekuwa akiimba katika koro sasa hataki watu, yule anayetafuta pombe kila jioni tangu siku ile: tusiharakishe kusema kwamba amerogwa au kwamba ni mtu mbaya. Tuulize kwanza alipigwa wapi. Na yule bibi au mama anayemtunza, tumtembelee naye.

Tatu, tulinde ndimi zetu. Habari ya kifo hukimbia kupita ndege, na leo, kwa simu za mkononi, yakimbia kupita redio ya 1954. Anayetangaza msiba ambao hajauona humwua mtu mbele ya mama yake.

Jumapili ile ya tarehe 24 Januari 1954, watu wa Butiaba walimwona mtu mkubwa akitoka katika moshi, wakamhesabu kuwa ameokoka. Walikuwa na haki, lakini hesabu ilikuwa haijafungwa. Sisi tulio ng'ambo hii ya ziwa, tunaposhangilia miaka ambayo Mungu ametujalia, tuwahesabu vilevile wale wa kwetu ambao wangali wakitoka katika moshi, tukawashike mkono mpaka wafike nyumbani.

Yubile njema kwenu wote.

Katekista wa parokia